Snickers, KitKat au Bounty: ipi utie kwenye brauni?

Jana nimeoka brauni, zile keki nzito za chokoleti, za kumpelekea shangazi yangu kule Mkomani. Zamani nilikuwa nachukua chokoleti yoyote dukani, naikatakata, naitumbukiza kwenye rojo basi. Karameli yote ikashuka chini, ikanata kwenye trei kama gundi, nikabaki kukwangua kwa kijiko. (Makoko yake niliyala mwenyewe, sisemi uongo.)

Siku hizi Snickers naigandisha kwanza kwenye friza, saa moja hivi, maana kwa joto letu hili la Lamu, kuitoa dukani hadi uifikishe nyumbani imeshakuwa uji. Naikata vipande vinene, navilaza katikati: rojo chini, vipande, rojo juu. Karameli inabaki ndani na karanga bado unazitafuna. KitKat naipachika juu keki ikishatoka motoni, la sivyo kaki zake zinalainika.

Lakini mimi, mtoto wa mwambao, moyo wangu uko kwa Bounty. Nazi ndani ya chokoleti jamani! Shangazi kaonja na kahawa yake chungu, akaniangalia: “Mwanangu, hii kashata umeivisha buibui?”

Trei imerudi tupu.