Mlio Uliokimbia Mzigo

Mwaka 2009 nilikuwa dereva wa pikapu ya mjomba wangu, Toyota Land Cruiser mkonga, ile HZJ75, nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda soko la Kilombero, Arusha. Gari lilikuwa limekula chumvi nyingi. Mjomba alilinunua mnadani baada ya mradi fulani kulitumia kwa miaka mingi, bodi imekunjwa huku na huku, lakini injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, ilikuwa inawaka kwa selfu moja hata asubuhi za baridi kali pale Karatu. Tulikuwa tunaliamini.

Ndipo likaanza kulia.

Ukifika kilomita 65 kwa saa ulisikia mvumo chini, kwa mbali, kama trekta linalima shamba la jirani. Ukigusa 75 mvumo unapanda kwenye sakafu, unaingia kwenye soli za viatu, kijiti cha fowili, kile cha kuendesha magurudumu yote manne, kinacheza, na kwenye kioo cha pembeni basi moja lililo nyuma yako linaonekana mawili. Ukipita 85 unatulia kidogo. Na huu mlio ulikuwa na tabia moja iliyomshinda kila mtu. Ukitoka Mang'ola na magunia, ukapita Karatu, ukashuka ule mteremko wa Mto wa Mbu na kuingia tambarare ya kwenda Makuyuni, gari liko kimya, unaweza kuongea na utingo kwa sauti ya chini. Ukishusha mzigo Kilombero na kugeuza, hata Kisongo hujaipita vizuri, limeshaanza.

Gari linalolia likiwa tupu na kunyamaza likibeba! Mafundi wengi walicheka nilipowaambia. Wakasema nimezoea tu, kwamba nikiwa na mzigo nasikiliza mambo mengine.

Wa kwanza akasema beringi za magurudumu ya nyuma. Zikabadilishwa, mlio ukabaki. Wa pili akasema matairi, tukahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mlio ukabaki palepale. Wa tatu akamwaga oili ya difu, lile kasha la meno lililo katikati ya ekseli ya nyuma, akaipitisha kwenye vidole akitafuta unga wa chuma, hakuupata, na bado akasema ni difu. Mjomba akaanza kuongea bei na mwenye difu ya mtumba. Zile fedha zilikuwa za vitunguu, na kitunguu cha Mang'ola kina jasho la kumwagilia usiku, kuamkia zamu ya maji mfereji unapofunguliwa. Nilikuwa naumia. Mpaka leo naamini kubadilisha kifaa ambacho hakijathibitishwa kuwa kibovu ni kumpora mwenye gari, hata kama fundi hana nia mbaya.

Nikamwomba mjomba anipe siku moja kabla hajalipa. Karatu kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, alifanya kazi na Land Rover za serikali tangu ujana wake, na sasa alikuwa anatengeneza magari nyuma ya nyumba yake, chini ya mti. Nilimkuta anaosha spana kwa mafuta ya taa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Haya, linalia lini?"

Nilishangaa, maana wengine wote waliuliza linalia wapi. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mzigo. Hakucheka. Aliacha kuosha spana, akaniuliza tena: "Likiwa na mzigo linanyamaza kabisa, au linapungua?" Nikasema linapungua mpaka husikii. Akaingia ndani kubadilisha viatu.

Tulishuka naye mpaka tambarare, gari tupu. Akataka nishike 75 kwenye gia ya tano. Mlio ule. Akasema nitie ya nne, mwendo uwe uleule. Injini ikapanda, mlio haukubadilika hata kidogo. Akasema nitie nyutro niliache litembee lenyewe. Injini ikashuka kabisa, mlio ukaendelea. "Basi injini na klachi tuziache," akasema, "na gia pia." Akanifanya nikanyage mafuta kwa nguvu, halafu niachie ghafla, huku kaweka kiganja sakafuni. Difu iliyolika meno mara nyingi hubadilisha sauti ukikanyaga na ukiachia, maana meno yanasukumwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Hii haikubadilika. Alikuwa ameshahakikisha pia kwamba loki zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli yake ziko wazi, kwa hiyo propela ya mbele, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu, ilikuwa imesimama tu, haizunguki, haiwezi kulia.

Pale Mto wa Mbu kituoni kulikuwa na watu wanasubiri usafiri wa Makuyuni. Mzee akasema wapande wote, bure. Nyuma pakajaa, akina mama na mikungu ya ndizi, vijana wamekaa hadi kwenye mbao za pembeni. Tukaondoka taratibu, na barabara ilipofunguka nikapandisha hadi 75. Kimya. Mzee alinigeukia usoni mwake pana furaha ya mtu aliyeaminiwa. Makuyuni watu wakashuka, tukarudi kipande kidogo tukiwa watupu, mlio ukarudi.

Tukaegesha kando ya barabara, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Akaingia chini na spana namba 14, akafungua nati nne za upande wa difu na nne za upande wa transfa, kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma, akaitoa propela nzima ya nyuma. Akafunga loki za mbele, akaniambia nitie fowili. Gari likatembea kwa magurudumu ya mbele peke yake, likafika 75, na nilisikia upepo wa dirishani tu. Difu ya nyuma ilikuwa bado inazungushwa na matairi, na haikulia.

Akailaza propela juu ya gunia. Krosi zote mbili, vile viungo vinavyopinda kwenye ncha zake, alizipinda kwa mkono, zikaenda laini, hazina mchezo. Halafu akapiga goti, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama anayepima mbao. "Njoo uone masikio haya." Propela ile ina sehemu mbili zinazochomekana kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika springi zinapocheza. Masikio yanayoshika krosi ya mbele na yale ya krosi ya nyuma yanatakiwa kutazama upande mmoja. Yetu yalikuwa yamepishana, na ukishaliona jambo hilo huwezi kuacha kuliona.

Akanieleza, na baadaye nilisoma kwamba Mwingereza Robert Hooke alishaandika habari za kiungo hicho katika karne ya 17. Krosi ikifanya kazi imepinda, upande wa pili hauzunguki sawasawa: katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili hurudisha hesabu, mradi masikio yamelingana. Yakipishana, inashindwa kuirudisha, na makosa mengine yanaongezeka. Na propela ya gari lile huzunguka zaidi ya mara nne tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo ule mtetemo ulikuwa unapiga mara nyingi mno kwa sekunde.

Mzigo sasa ukaeleweka. Pikapu ikiwa tupu, springi zimeiinua juu, propela inateremka kwa mwinamo mkali na krosi zimepinda sana. Magunia yakiikalisha chini, propela inalala karibu na usawa, krosi zinanyooka, na kosa linakuwa dogo hadi halisikiki. Miezi kadhaa nyuma krosi zile zilibadilishwa kwenye gereji moja mjini, propela ikatenganishwa bila kuwekwa alama, ikachomekwa ilivyotokea. Safari zilizofuata tulikuwa na mzigo, hata wa kurudi, au kwenye vumbi la Mang'ola, ambako 75 huipati. Ndiyo maana hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Mzee aliichomoa, akafuta grisi nyeusi kwenye meno, akapaka mpya, akayalinganisha masikio na kuitazama tena kwa jicho moja. Kisha akachukua patasi na nyundo, akakata mstari mmoja unaopita sehemu zote mbili. "Fundi yeyote atakayeifungua, muonyeshe hapa kabla hajashika spana."

Tulirudi Karatu tupu. Nilipita 75, nikafika 80, kijiti cha fowili kimetulia na basi la nyuma ni moja. Kabla ya kuondoka Makuyuni alikuwa amenionyesha unyevu wa oili kwenye sili, mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya transfa. Mtetemo wa muda mrefu ulikuwa umeanza kuila. Sili tuliinunua Arusha safari iliyofuata, akaifunga mwenyewe, na mjomba akampigia simu mwenye ile difu ya mtumba kumwambia haihitajiki tena.