Nilivyotuliza ugomvi wa furu kwenye tangi la sebuleni

Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa wengi wetu hapa Mwanza ni chambo. Wavuvi wa sangara huwatundika kwenye migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, watoto huwavua kwa ndoano ndogo na nyungunyungu wakiwa wamekaa juu ya mawe, na ukiwaleta nyumbani kama kitoweo utaulizwa kulikoni. Ndiyo maana niliponunua tangi la kioo la futi 3 nikasema nitafuga furu, mke wangu alitaka kujua jambo moja tu: "Baba Neema, chambo sebuleni?"

Sababu ninazo. Ziwa Victoria limewahi kuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950, kisha akashamiri miaka ya 1980, alifyeka nyingi kabla hazijapewa hata majina. Walionusurika vizuri zaidi ni wale wanaoishi kwenye miamba, maana sangara mkubwa hapenyi humo. Hao ndio niliowataka, na madume wa hao wa miambani kwa kugombea mipaka hawana mfano.

Kijana mmoja anayevua Igombe aliniletea wawili kwenye ndoo, dume na jike, maana ndio waliopatikana. Dume alikuwa mwekundu mgongoni, ubavu wa njano wenye mistari myeusi ya kusimama, na kwenye pezi la chini karibu na mkia alikuwa na madoa ya mviringo ya rangi ya chungwa. Jike wa kijivu tu, hana makuu. Nilimtumia picha binamu yangu aliyesomea uvuvi Nyegezi. "Kaka, huyo dume anafanana sana na Pundamilia nyererei," akanijibu. Ni aina iliyopewa jina la Mwalimu mwaka 1985.

Raha ya kuwatazama haikudumu. Dume alishika rundo la mawe upande wa kushoto, na kila jike akikatiza alimfuata, akasimama ubavu mbele yake, akatandaza mapezi yote na kutetemeka mwili mzima. Jike akitulia tu bila kuitikia, dume aligeuka ghafla na kumpiga kwa mdomo ubavuni. Baadaye hata ile tetemeko aliiacha, akawa anapiga moja kwa moja. Jike alihamia kona ya juu, nyuma ya bomba la chujio, pua imegusa uso wa maji. Mkia wake ulichanika vipande na ubavuni magamba kadhaa yalikuwa yametoka, pakabaki doa jeupe. Chakula kikiwekwa hashuki.

Muuza samaki wa mapambo mmoja mjini alinishauri nivumilie, watazoeana, ndoa changa ndivyo zilivyo. Nilipompa binamu maneno hayo alicheka. "Ndoa gani, kaka? Furu hawana ndoa." Akanieleza kwamba dume wa furu hashikamani na jike mmoja. Yeye hushika eneo lake na kumwalika kila jike anayepita. Mwenye mayai tayari humfuata, wanazaliana, kisha jike anaondoka na mayai mdomoni, akayalea mwenyewe. Asiye tayari anahesabika mvamizi kama wavamizi wengine, anafukuzwa. Ziwani hilo si tatizo, kwa sababu jike huogelea mita chache akawa ametoka kwenye mpaka. Kwenye futi 3 za kioo mpaka hauishi, na kipigo chote kinamwangukia huyo huyo mmoja.

Maelezo hayo yalibadilisha kila kitu nilichofanya baadaye. Kazi ikawa kumpa jike pa kutokea na kugawa hasira za dume, habari ya kuwazoesha nikaachana nayo.

Nilianza kwa kumtoa dume, jike akabaki. Wengi humtoa anayepigwa, wakimrudisha anaingia kama mgeni kwenye himaya ya mwenzake na kipigo kinaanza upya. Dume nilimweka kwenye ndoo kubwa yenye pampu ya hewa na kipande cha bomba cha kujifichia, juu nikafunika kwa wavu maana furu huruka. Jike alibaki na tangi lote. Alianza kushuka kidogo kidogo, akala, mkia ukaanza kuota tena.

Wakati huo nilibomoa mawe yote. Mawe si tatizo katika mji huu, na yetu ni ya itale, hayayeyuki majini wala hayabadilishi maji. Niliyasugua kwa brashi bila sabuni, nikayachemsha, kisha nikayapanga upya kabisa. Badala ya rundo moja nikajenga matatu, la katikati likiwa refu hadi karibu na uso wa maji, ili samaki aliye upande mmoja asimwone wa upande wa pili. Nadhani hilo ndilo lililosaidia kuliko yote. Dume hufukuza anachokiona, jike akishazunguka jiwe mbio zinakufa. Mianya niliiacha mingi na kila mmoja una njia mbili, kwa sababu pango lenye mlango mmoja ni mtego. Tahadhari moja: mawe yakae juu ya karatasi laini ya plastiki chini kabisa, mchanga umwagwe baadaye. Furu dume huchimba, na jiwe lililokalia mchanga litaanguka, ama juu ya samaki ama kwenye kioo.

Kisha nikaagiza majike wengine. "Anko, hao wa kijivu mbona hawana bei, chukua tu," kijana wa Igombe akaniambia, akaleta wanne. Niliwaingiza usiku taa zikiwa zimezimwa, dume nikamrudisha wa mwisho kabisa. Asubuhi alikuta nyumba haijui na wenyeji wako wengi. Rangi yake ilikuwa imefifia, akatumia muda mrefu kukagua mianya kabla hajachagua wake. Alifukuza, ndiyo, lakini huyu kidogo, yule kidogo, hakuna aliyefikia kujibanza juu.

Mmoja wa wale wanne alitusumbua. Alianza kupigwa peke yake kuliko wenzake wote, na nilipomtazama kwa tochi nikaona pezi la chini lina madoa ya chungwa na mgongo unaanza wekundu. Dume mdogo, aliyekuwa amejificha kwenye rangi ya kike. Dume aliyezidiwa hufanya hivyo, huzima rangi ili asionekane mshindani. Nilimtoa siku ile ile, nikampa jirani mwenye tangi lake.

Mengine ni ya kawaida. Chakula naweka ncha mbili za tangi kwa wakati mmoja, ili dume asiweze kulinda kote. Maji ya bomba nayaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke, na hita sijawahi kuihitaji kwa joto letu. Pampu ndogo ya betri ipo tayari kwa siku umeme ukikatika, kwa sababu samaki wengi kwenye tangi dogo hawangoji.

Sasa hivi yule jike wa kwanza ana koo limevimba na hali chakula, maana yake amebeba mayai. Atakaa hivyo wiki mbili hadi tatu. Namtoa usiku, taratibu, kwa bakuli badala ya wavu ili asiyateme, akalelee kwenye ndoo ile aliyokaa dume. Akiwaachia watoto atakuwa amekonda, kwa hiyo atakula huko huko kwanza mpaka ashibe mwili ndipo arudi kwa wenzake. Kijana wa Igombe ananishawishi nichukue dume wa pili, wa bluu safari hii. Nimemwambia mpaka nipate tangi la futi 6.