Salim Ahmed Salim na kura ya 1971

Binamu yangu kaanza kusoma pale chuo cha diplomasia Kurasini, kile ambacho siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, basi kwenye grupu la familia ni hongera tu, umeula, utakula bata Ulaya, gari la bendera na nini. Sawa, ila mie natamani asome kwanza maisha ya huyo mwenye jina.

Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Miaka 22 jamani, umri ambao wengi wetu tulikuwa tunasubiri boom chuoni. Na mwaka huo huo nchi yenyewe, kutoka Mapinduzi hadi Muungano, ikabadilika jina. Baadaye New Delhi, Beijing 1969, halafu 1970 New York kwenye Umoja wa Mataifa ambako alikaa kama miaka kumi, na huku akiwa ni balozi wetu kwa nchi kama Cuba na Jamaica pia.

Pale New York ndo kazi hasa ilipo. Hotuba watu wanaziona, lakini kura inatafutwa kwenye korido, nchi moja moja, nani yuko na sisi, nani anasubiri maelekezo toka kwao. Tarehe 25 Oktoba 1971 likapita azimio 2758, kura 76 kwa 35, nchi 17 hazikuegemea upande, serikali ya China ya Beijing ikapewa kiti cha China kilichokuwa kinakaliwa na serikali ya Taipei, yaani Taiwan, na wajumbe wetu wakashangilia na kucheza mle mle ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George H. W. Bush.

Sasa nenda 1981. Salim anagombea ukatibu mkuu wa UN, yaani Umoja wa Mataifa, dhidi ya Kurt Waldheim aliyekuwa anakikalia kiti hicho, Bush kashakuwa makamu wa rais, Marekani inampiga Salim veto, yaani kura ya turufu, China nayo inampiga Waldheim, raundi 16 hakuna kitu, mpaka Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza la Usalama Desemba ile, akawaomba wote wawili wakae pembeni, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Wengi wanaamini Marekani haikusahau ile 1971, japo misimamo ya Salim juu ya Palestina na makaburu nayo haikuwapendeza Wamarekani, na hiki ndo kinaniuma. Ule ulikuwa msimamo wa Tanzania, wa Mwalimu, balozi anatekeleza maelekezo ya Dar, lakini kinyongo kikija kinamkuta mtu mwenyewe, na jina lake.

Hakususa. Akawa waziri mkuu 1984, halafu akahamia Addis Ababa kuongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001, na hakuna katibu mkuu mwingine wa OAU aliyekaa muda mrefu hivyo. China wao walimpa nishani ya urafiki 2019, akiwa na miaka 77.