Siku moja maishani mwangu: mwandika barua wa Lukaya, Machi 1979

Jumatatu, tarehe 12 Machi 1979. Tulikuwa Lukaya, nchini Uganda, sisi jeshi la Tanzania katika vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pale njia inapokatiza kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mapigano yalikuwa yamekwisha jana yake. Nilikuwa mgambo wa miaka 22 kutoka Korogwe, na kabla ya vita nilifundisha kisomo cha watu wazima kijijini kwetu. Hicho kisomo ndicho kilichonipa kazi ya siku hiyo.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa lindo, nimeinama handakini na bunduki ya SMG magotini. Mbu wa kinamasi kile sijapata kuwaona kwingine. Usingizi haukuja hata zamu ilipokwisha, maana kila gari lililounguruma lilinirudisha usiku wa tarehe 10.

Usiku ule Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitufyatulia roketi za BM-21. Zilipita juu ya vichwa vyetu zikaenda kuanguka nyuma. Sisi wa Brigedi ya 201 tulikuwa karibu wote mgambo. Mizinga tulishaizoea, lakini ya kwetu. Kukaa upande unaopigwa wengi ilikuwa mara ya kwanza. Safu ikavunjika, tukakimbia. Gizani pale barabarani tukachanganyikana na adui hata hujui unayekimbia naye bega kwa bega ni wa jeshi gani. Kilichogeuza mambo ni Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita kama 60 kaskazini magharibi. Iliamriwa irudi haraka, na alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa imeshika barabara ya Kampala, nyuma ya mgongo wa adui. Sisi tukajipanga upya tukamkabili kwa mbele. Walibya walikufa wengi sana siku hiyo.

Saa moja na nusu tulipata chai ya rangi isiyo na sukari na biskuti za jeshi, zile ambazo usipozilowesha unaacha jino. Kisha makoleo. Kuzika kulituchukua mpaka saa nne, na hapo sina la kuongeza.

Saa nne hivi sajini alitukusanya. Kuna lori litarudi Masaka saa kumi na majeruhi, mwenye barua aandike. Masharti matatu: usitaje mahali ulipo, usitaje kikosi, usitaje jina la aliyekufa, kwa sababu hiyo ni kazi ya wakubwa na familia haifai kuisikia kwa jirani. Halafu akanitazama. "Mwalimu Mdogo, wewe leo huchimbi." Waliniita hivyo kwa kuwa Mwalimu Mkubwa alikuwa Dar es Salaam.

Nikakaa chini ya mwembe na daftari na kalamu mbili, foleni ikajipanga. Wengi walijua kusoma, kampeni ya kisomo ilikuwa imefika kila kijiji, na wazee kadhaa pale walikuwa wamefanya mtihani wa taifa wa mwaka 1977. Lakini mkono uliotetemeka tangu juzi hauandiki hata kama una cheti. Kijana mmoja wa darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, alinipa kalamu yake mwenyewe akaniambia niandike tu.

Barua zilianza namna moja. "Ama baada ya salamu, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Mimi huku ni buheri wa afya." Ya kumi na kitu nilianza kuiandika kabla mtu hajakaa. Wapo wanaocheka mtindo ule siku hizi. Mimi nasema ulitufaa: mtu ametoka kumzika rafiki yake, hana pa kuanzia, na pale pa kuanzia pako tayari. Baada ya hapo walikwenda kwenye mambo yao. Mahindi yapaliliwe. Mtoto akizaliwa wa kike apewe jina la bibi. Baiskeli asipewe mjomba.

Mpare mmoja alisema, "Andika: mimi mzima, mbuzi wangu wasiuzwe, wasalaam." Mtani wake Mchaga, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akapiga kelele, "Tazameni, mpaka wino wa mwenzake anaubania!" Ndiyo mara ya kwanza nilisikia watu wakicheka tangu Jumamosi.

Mchana akaja mzee wa Singida tuliyemwita Babu, ingawa nadhani hakuwa amefika hamsini. Akaketi, akavua kofia.

"Mwandikie mama watoto kwamba nilikimbia."

"Babu, hilo si lazima."

"Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki matopeni. Asubuhi nikarudi nikapigana. Andika yote mawili, usiache moja."

Waliokuwa karibu wakanyamaza, kisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema barua itasomwa na kijiji kizima, Babu atatuaibisha wote. Mwingine akadai sajini ataichana. Babu hakupandisha sauti. Alisema mkewe ameishi naye miaka mingi, akidanganywa atajua, na akijua atadhani kuna baya zaidi linafichwa. Niliandika kama alivyotaka. Sajini aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na nyingine bila kusema neno.

Yangu niliiandika saa tisa na nusu kwa haraka. Nilimwambia mama kwamba chakula kipo na kwamba huku wanapika ndizi kama Bukoba. Roketi sikuzigusia. Nikamuuliza kama paa limeezekwa. Nilikuwa nimetoka kumwandikia Babu ukweli wake, na bado sikuweza kumwiga. Mama yangu alikuwa na presha, nami mpaka leo naona nilifanya sawa.

Saa kumi lori likaondoka. Barua zilikuwa na safari ndefu: Masaka, Mutukula, Bukoba, kisha meli kuvuka ziwa mpaka Mwanza, na huko kila moja ishike njia yake. Jioni mvua ikanyesha. Wanakijiji walituletea matoke, wakituita wakombozi, tukala chini ya turubai huku mmoja akitafuta Radio Tanzania kwenye redio iliyokuwa inakoroma. Saa tatu usiku nilirudi lindo.

Majibu yalitukuta Kampala mwezi wa Mei, mji ulipokuwa umeshaanguka tangu tarehe 11 Aprili. Mama aliandika kwamba paa limeezekwa na kwamba mjomba anasalimu. Barua ya Babu nilimsomea mimi. Mkewe hakugusia kukimbia hata kwa neno moja. Alitaka kujua zile shilingi mia alizomtumia Januari alimpa nani azilete, kwa sababu zilizofika ni sitini. Babu aliniambia nichukue kalamu hapo hapo.