Aletewe Mpiga Kinanda

Wapendwa, somo la juma hili ni 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako nyikani, maji yamekwisha, askari na wanyama wana kiu. Wanamwendea nabii Elisha, naye amekasirika. Isingekuwa heshima yake kwa Yehoshafati, mfalme wa Yuda, asingemtazama hata usoni mfalme wa Israeli. Katikati ya dharura hiyo anaomba aletewe mpiga kinanda. Kinanda kikapigwa, ndipo mkono wa Bwana ukamjia. Jina la mpigaji hatuambiwi, wala la aliyemfundisha.

Nimeisoma sura hii huku nikimsikiliza Nduduzo Makhathini, mpiga piano wa jazi wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, aliyezaliwa 1982. Alikulia mahali ambapo muziki na ibada vilikwenda pamoja. Ujanani alizunguka kanisa hili hadi lile akiufuata muziki tu. Tusimhukumu upesi. Wangapi kati yetu tuliingia kanisani kwa ajili ya kwaya, Neno likatukuta humo humo?

Mlezi wake katika muziki alikuwa Bheki Mseleku wa Durban, ambaye utotoni alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na bado akawa mpiga piano wa kuheshimiwa hadi London, alikofariki 2008. Mseleku ndiye aliyemfikisha kwa John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, na "A Love Supreme", kazi iliyorekodiwa 1964, ambayo Coltrane aliitoa kwa Mungu kama shukrani. Humo, katika vidole vya McCoy Tyner, mpiga piano wa Coltrane, Makhathini alisikia jinsi watu wake wanavyocheza, wanavyoimba na wanavyozungumza. Hapa ndipo moyo wangu unaposimama. Wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Marekani kwa minyororo walikuwa wametunza kitu ambacho kijana wa Kizulu angekihitaji ili apige kwa sauti ya kwao. Mimi naona mkono wa Mungu katika jambo hilo.

Makhathini pia ni mganga wa jadi, na albamu yake ya 2024 inaitwa "uNomkhubulwane", jina la yule ambaye katika mapokeo ya Wazulu huombwa mvua na rutuba. Hapo siwezi kumfuata. Mvua naiomba kwa Bwana, katika jina la Yesu. Lakini ananifundisha jambo moja ambalo makanisa yetu yamelilegeza: anapiga piano kama mtu aliyetumwa kuponya, na waliomtangulia anawataja kwa majina. Sisi tunachukua pambio la wazee, tunaliwekea mdundo wa kinanda cha umeme, na hakuna anayejua lilianza kuimbwa na nani.

Waebrania 13:7 inatuagiza kuwakumbuka waliotuongoza. Basi wanakwaya, kabla ya mazoezi ya juma hili mwendeeni mzee mmoja aliyeimba kabla yenu. Mwulizeni alifundishwa na nani, aimbe wimbo mmoja kama alivyoupokea, na jina la mwalimu wake mliandike kwenye daftari la kwaya.