Siku moja maishani mwangu: mama, baba na kondo la panya

Saa 1 asubuhi nimeshavaa glavu, nafuta meza kwa dawa ya kuua vimeng'enya vinavyokula RNA, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye jeni. Wengi wakisikia "maabara" hudhani napima malaria. Mimi ni fundi sanifu kwenye timu ya utafiti Uingereza, na kazi yangu ni makondo ya nyuma ya panya.

Saa 2 hadi saa 4: lebo, mirija, barafu.

Saa 4 naketi kwenye darubini. Jeni nyingi husomwa kutoka nakala zote mbili, ya mama na ya baba; chache husomwa nakala moja tu. Kwenye kromosomu 12 ya panya (kwa binadamu ni ya 14) kuna kundi kubwa la maikroRNA, vipande vya herufi kama 22 vinavyozima jeni nyingine, na husomwa kwenye nakala ambayo kijusi kimerithi kwa mama. Mojawapo, miR-127, hukata ujumbe wa Rtl1, jeni ya upande wa baba ambayo kondo haliwezi kukua vizuri bila hiyo. Kangaruu hawana kundi hilo.

Kondo lenyewe ni la ukubwa wa haragwe, tena limegandamana na nyama ya mfuko wa uzazi. Nalibandua kwa vibano viwili, pumzi nimeibana, shingo inawaka moto. Upande wa mama umepauka, wa kijusi ni mwekundu, na katikati mpaka unapotea. Nikiacha unyuzi mmoja wa nyama ya mama, mashine itausoma, nasi tutatangaza jeni "ya upande wa mama" isiyo yake. Zipo zilizotangazwa hivyo, baadaye zikatiliwa shaka.

Hapo anapita mtafiti wa kompyuta: mbona nachelewa, programu si itaondoa uchafu? Haitaondoa! Panya wazazi ni wa aina mbili, na programu hutambua nakala ya kila mmoja kwa herufi zinazotofautiana; lakini herufi za nyama ya mama ni zilezile za nakala iliyorithiwa kwake. Itatofautisha kwa lipi? Nimemweleza, akaondoka hajaridhika. Nimerudi kwenye kibano mkono unatetemeka kwa hasira.

Chakula cha mchana sikumbuki nilikula lini.

Jioni, mashine ikizungusha mirija, natazama kundi jingine la maikroRNA, lile la kromosomu 2 ya panya, ndani ya jeni iitwayo Sfmbt2. Hili ni la upande wa baba, na linanipa raha: baba hana nyama yake humu, kikisomeka ni cha kijusi. Binadamu na nyani wana lao tofauti kwenye kromosomu 19, nalo la baba, nalo hufanya kazi kwenye kondo. Koo mbili za wanyama, kila ukoo umejipatia lake.

RNA imetoka safi, iko friza. Kesho ni uzao wa kinyume: aina ya panya iliyokuwa ya mama ikae kwa baba, na ya baba kwa mama. Bila huo hatujui kama tunasoma upande wa mzazi au aina ya panya tu.