Nilivyoacha kuganda kwenye adungu

Kwa miaka mitatu niliiogopa zamu yangu. Kikundi chetu hapa Arua, Uganda, kina adungu nne, yaani vinubi vya nyuzi vya huku kwetu, na kwenye harusi, wimbo ukishakolea, wenzangu hupunguza sauti ili mwenye adungu ndogo abuni papo hapo. Huyo ni mimi. Usiku wa kuamkia shughuli nilikuwa nakaa kitandani nikitunga vipande na kuvikariri. Kesho yake wachezaji wanakanyaga kivingine kabisa, kipande hakiingii, vidole vinaganda, nasikia moyo wangu tu.

Mjomba aliyenifundisha tangu utotoni Pakwach aliniambia, "Mwanangu, wewe unapiga ya jana." Akanitaka nirudie mzunguko mmoja kwa mkono wa kushoto huku akinihoji bei ya samaki, habari za shangazi, lolote lile. Nikikatika, naanza upya. Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa unakwenda wenyewe nami naongea. Kisha upande wa kulia akaniachia nyuzi tatu tu. Zilizobaki akazilegeza zikawa bubu. Nilidhani ananibana, kumbe alinipunguzia njia za kupotea. Kwa nyuzi tatu huna cha kupanga. Unasikiliza, basi.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2008, huko Marekani, watafiti Charles Limb na Allen Braun waliwaingiza wapiga piano sita wa jazi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipobuni, sehemu fulani za mbele za ubongo, zinazohusishwa na kujichunga na kujisahihisha, zilitulia. Nilifurahi mno, maana sauti ile ya "umekosea!" naijua vizuri. Ila haitulii kwa kuamriwa. Ukiikemea ndiyo inazidi. Mimi huipa kazi: naitazamisha miguu ya wachezaji, ihesabu nani anakanyaga mapema na nani anachelewa.

Desemba iliyopita kidole kiliteleza kikagusa uzi nisioukusudia. Nikaugusa tena makusudi, mara ya pili, ya tatu, na bibi mmoja aliyekuwa mbele akaupokea kwa bega. Mwenye besi akanifuata. Tulikaa hapo hapo mpaka jasho likaniingia machoni. Wenzangu wananiomba nikipige tena kipande kile, nami sikikumbuki.